Mvua inapopiga kwenye maonyesho: kwa nini wafundi wa kazi za mikono wanapoteza, na nini inaweza kusaidia

Kuanzia mwezi wa tisa mpaka mwezi wa tano, wakaaji wa Bukavu na Goma wanaishi na mvua. Asubuhi jua linaweza kuwaka vizuri, kisha muchana mawingu yanashuka kutoka milimani na mvua inapiga. Mwenye duka anaingia ndani na kungoja. Lakini kwa mama mwenye kutandika vikapo vyake kwenye kiwanja, saa moja ya mvua inaweza kumaliza faida ya mwezi muzima. Juu ya nini?

Feza inatoka mbele ya kuuza

Tuchukue mufano. Mama mumoja anapata dola 30 kwenye likelemba, anazitia kwenye nyuzi, rangi na moto ya kubeba vitu. Analipa tena dola 10 za nafasi. Anafika na vikapo 12, kila kimoja dola 8. Akiuza vyote, anapata dola 96. Mvua ikipiga, anauza 3 tu, ni dola 24. Bado dola 16 hata kufikia ile aliyotoa, na wenzake wa likelemba wanangoja zamu yao.

Tena, wanunuzi wakiona mawingu, wanakata bei. Wanajua muuzaji hapendi kurudisha muzigo nyumbani.

Kila kitu na namna yake ya kuharibika

Kikapo kikilowa, rangi inatoka na kuingia kwenye sehemu nyeupe. Kikifungwa kingali na maji, kisha siku chache kinaota ukungu.

Muti ni hatari ingine. Sanamu, kama zile za mufano wa Kilega, zinanyonya maji na kuvimba. Mingi zinapasuka kisha mvua, wakati mwenyewe anazianika kwenye jua kali ao karibu na makaa. Viatu na mifuko ya ngozi ni vile vile: vinakauka mbiyo, vinakuwa vigumu.

Kwa vyungu, mvua yenyewe haina neno sana. Vinavunjika wakati watu wanakusanya vitu mbiyo mbiyo.

Udongo pia una maana. Bukavu ni milima, maji yanateremuka na matope na kupita chini ya meza. Goma, kwenye mawe ya volkano, maji yanaingia chini upesi, lakini matone yanarusha muchanga mweusi juu ya vitambaa.

Nini ya kufanya

Usitandike vitu chini. Tafuta meza ao mbao zenye kupita chini kidogo na matofali. Funga shitingi ikiinama upande mumoja, juu isipoinama maji yanakusanyika katikati na yote inaanguka mara moja. Upepo ni adui sawa na mvua, basi funga mawe kwenye kamba za kila kona.

Toa vitu vichache kwa mufano, vingine vikae ndani ya ndoo yenye kifuniko ao mufuko wa plastiki. Kitu kikilowa, kipanguse na kitambaa kikavu, kisha kiache kwenye kivuli chenye kupita hewa. Hapana jua, hapana moto.

Wauzaji wawili watatu wanaweza kununua shitingi moja kubwa pamoja. Na watu wenye kukimbilia chini yake, usiwafukuze. Wako pale, hawana pa kwenda, na macho yao iko juu ya vitu vyako.

La mwisho ni la wenye kutayarisha maonyesho. Mbele ya kulipa nafasi, uliza: mvua ikiharibu siku, tutapewa siku ingine ao sehemu ya feza itarudishwa? Jibu liandikwe kwenye resi. Muuzaji mumoja akiuliza peke yake, wanaweza kumupuuza. Wakiuliza kumi pamoja mbele ya kulipa, inakuwa nguvu kuwanyima jibu.