Kijiji cha kuteka huchaguliwa kwa ramani, si kwa ghala

MCHEZAJI mgeni wa Tribal Wars, mchezo wa vita kwenye intaneti ulioanzishwa Ujerumani mwaka 2003, hushawishika kukivamia kijiji chenye ghala lililojaa. Wazoefu hutazama ramani kwanza.

Sababu ni kwamba kijiji hakitekwi kwa kuwashinda askari wake tu. Kila kijiji huwa na alama 100 za uaminifu, na ni kabaila pekee anayeweza kuzipunguza, kati ya 20 na 35 kwa kila shambulizi. Hivyo huhitajika mashambulizi matatu hadi matano yanayofuatana kwa karibu. Kabaila huenda polepole kuliko askari wengine, na alama hurejea kadiri saa zinavyopita. Kijiji kilicho mbali humpa mwenyewe muda wa kuwaita washirika. Hata kikitekwa, huanza na alama 25 tu mikononi mwa bwana mpya. Asipokifikishia walinzi upesi, hupokonywa.

Hesabu hiyo si ngeni katika nchi ya Wagusii, ambako leo Itumbe inajulikana kwa majani chai. Zamani mifugo ilikaa katika ebisarate, yaani kambi zenye uzio ambamo vijana wasiooa walilinda ng'ombe. Mvamizi hakuwa na budi kujiuliza ng'ombe ni wangapi, na pia atarudi nao kwa njia ipi. Ng'ombe hutembea polepole, ilhali mayowe huruka kutoka kilima hadi kilima.

Mwanzoni mwa miaka ya 1890, jeshi la Wakipsigis liliingia katika nchi hiyo likaangamizwa, katika vita ambavyo Wagusii huviita Osaosao na Wakipsigis Mogori. Wakipsigis walipoteza sehemu kubwa ya vijana wao wa vita. Kambi za ebisarate zenyewe zilivunjwa na serikali ya kikoloni mwanzoni mwa miaka ya 1910.

Kwa hiyo, kabla ya kutuma askari, mchezaji hujibu maswali matatu. Je, safari ni ya saa ngapi? Majirani wa kijiji hicho ni washirika wa nani? Baada ya kukiteka, ataweza kukilinda? Ndipo ghala huhesabiwa.

Tofauti ni moja. Mchezaji aliyekosea huandaa askari wengine kesho yake. Wengi waliokwenda Osaosao hawakurudi.