Mto Pangani Unavyoigawa Wilaya na Makao Makuu Yake

Mji wa Pangani, yalipo makao makuu ya wilaya yenye jina hilo mkoani Tanga, upo kwenye ukingo wa kaskazini wa Mto Pangani, mahali mto huo unapoingia Bahari ya Hindi, takriban kilomita 50 kusini mwa Jiji la Tanga. Wilaya inapakana na Muheza kwa upande wa kaskazini, Handeni kwa upande wa magharibi na Mkoa wa Pwani kwa upande wa kusini.

Jambo linalowagusa zaidi wananchi ni kwamba mji hauko katikati ya wilaya. Ng'ambo ya mto ni Bweni, na kutoka hapo hufuata Ushongo, Kipumbwi na Mkwaja hadi Hifadhi ya Taifa ya Saadani. Mkazi wa Mkwaja mwenye shauri katika ofisi za Halmashauri, au mwenye mgonjwa wa kufikishwa hospitali ya wilaya, hana budi kuvuka maji. Akiwa Bweni huuona mji wote mbele yake. Lakini gari likikosa kivuko hulazimika kuzunguka mbali, kupitia barabara kuu ya Segera, Hale na Muheza.

Mahali hapa hapakuchaguliwa kwa ajili ya utawala wa wilaya, bali kwa biashara. Katika karne ya 19 mlango wa mto ulikuwa kituo cha majahazi na misafara ya bara, na ndipo mwaka 1888 yalipozuka mapambano dhidi ya Wajerumani yaliyoongozwa na Abushiri bin Salim, aliyenyongwa Pangani Desemba 1889. Hata hivyo, fungu la mchanga mdomoni mwa mto lilizizuia meli kubwa. Reli iliyoanza kujengwa kutoka Tanga mwaka 1893 na kufika Moshi mwaka 1911 iliihamishia biashara hiyo bandari ya Tanga.

Mto wenyewe, wenye urefu wa takriban kilomita 500, hupokea maji ya Kilimanjaro na Meru. Maji hayo hutumika kwanza katika umwagiliaji, bwawa la Nyumba ya Mungu na mitambo ya umeme ya Hale na Maporomoko ya Pangani. Yanapopungua, maji ya chumvi hupanda mtoni, hasa wakati wa bamvua. Bahari nayo hula ufukwe: Kisiwa cha Maziwe, kilichokuwa na miti, sasa ni mchanga mtupu unaofunikwa maji yanapojaa.

Kuhusu uvukaji, Serikali imeweka daraja la Pangani, lenye urefu wa mita 525, katika mradi wa barabara ya Bagamoyo, Saadani, Pangani hadi Tanga yenye kilomita 256. Barabara hiyo inauweka mji, ulioachwa pembeni na reli, katika njia ya pwani inayoendelea hadi Horohoro na Mombasa.