BASTOLA MPYA YA MASHINDANO: UTHABITI NA MATUNZO YAKE

Katika Michezo ya Olimpiki ya Paris ya mwaka 2024, mashindano ya kulenga shabaha yalifanyika Châteauroux, mji ulio mbali kusini mwa Paris. Huko mlenga shabaha wa Korea ya Kusini, Kim Yeji, ambaye alikuwa amekwisha kupata medali ya fedha kwa bastola ya hewa ya mita 10, aliingia katika shindano la bastola la mita 25 akiwa miongoni mwa waliotazamiwa kufanya vizuri. Katika hatua ya upigaji wa haraka, ambamo kila risasi hupewa sekunde 3 tu, alichelewa kufyatua risasi moja. Risasi hiyo ikahesabiwa sifuri, naye hakuingia fainali.

Kuchelewa huko hakukutokana na ubovu wa bastola. Hata hivyo kisa hicho chaonyesha wazi thamani ya risasi moja katika mchezo huu, na chazusha swali ambalo kila anayekabidhiwa bastola mpya ya mashindano hapana budi ajiulize: je, ikiwa kilichochelewa si kidole bali ni chombo chenyewe, hasara itakuwa ya nani?

Shirikisho la Kimataifa la Michezo ya Kulenga Shabaha, yaani ISSF, limelijibu swali hilo katika kanuni zake kwa kuzigawa hitilafu katika mafungu mawili. Fungu la kwanza ni la hitilafu zinazokubaliwa: risasi iliyogongwa na pini isilipuke, kichwa cha risasi kikwame ndani ya mtutu, ganda tupu lisitoke, au chombo cha kufyatulia kikatae kufanya kazi. Aliyepatwa na moja ya hizo hapotezi risasi zake, bali hupewa nafasi ya kuzifidia kwa utaratibu uliowekwa na kanuni. Fungu la pili ni la hitilafu zisizokubaliwa, na humo wamo wale waliosahau kuondoa kizuizi cha usalama, waliotia risasi pungufu, au ambao magazini yao haikukaa sawasawa. Humo pia mna kifungu kimoja kizito kuliko vyote: hitilafu ambayo mlenga shabaha mwenyewe angeweza kuizuia. Chini ya kifungu hicho, risasi ambazo hazikutoka huhesabiwa kuwa zimekosa shabaha.

Kwa maneno mengine, uchafu uliolimbikana, springi iliyochoka, na skrubu iliyolegea tangu juma lililopita si bahati mbaya mbele ya msimamizi wa uwanja. Na hata hitilafu ya halali haidaiwi ovyo ovyo, kwani kanuni hutoa nafasi moja tu katika kila hatua ya risasi 30. Anayepatwa nayo hutakiwa kuielekeza bastola kwenye shabaha, kuinua mkono wake usioshika silaha, na kumngoja msimamizi. Akiigusa bolti au kutikisa magazini kabla haijakaguliwa, amejipokonya haki yake mwenyewe.

Bastola inayozungumzwa hapa ni ile ya milimita 5.6, itumiayo risasi ndogo iitwayo .22 Long Rifle. Kanuni haziruhusu uzito wake kupita gramu 1,400 wala mtutu kupita milimita 153. Viwanda kadhaa vya Ulaya huitengeneza, miongoni mwavyo Pardini ya Italia na Walther ya Ujerumani. Hadi mwaka 2004 washindani wa upigaji wa haraka wa wanaume walitumia risasi fupi zaidi, isiyorusha mkono sana, lakini tangu mwaka 2005 nao walitakiwa kutumia hiyo .22 Long Rifle.

Jinsi ifanyavyo kazi si jambo gumu kulielewa. Baruti inapowaka, hewa yake husukuma kichwa cha risasi mbele, na papo hapo husukuma ganda nyuma. Ganda huisukuma bolti, bolti ikarudi nyuma huku ikilitupa ganda nje, kisha springi huirejesha mbele ikiwa imechukua risasi nyingine kutoka kwenye magazini. Hakuna nguvu nyingine inayoiendesha ila ile ya risasi yenyewe. Kwa hiyo risasi dhaifu kidogo, springi nzito kidogo, au njia yenye uchafu kidogo, hutosha kuivunja mizani hiyo. Bastola ya vita hutengenezwa kwa nafasi za wazi baina ya vyuma vyake ili ivumilie vumbi na tope. Ya mashindano hubanwa kwa kipimo chembamba ili ilenge vizuri, na uvumilivu wake hupungua kwa kadiri hiyo hiyo. Asiyeifahamu tofauti hii huilaumu bastola mpya bure.

Tena risasi yenyewe ina tabia zake. Dawa ya kuwashia baruti haikai katikati ya kitako cha ganda kama ilivyo kwa risasi kubwa. Imepakwa ndani ya ukingo wake kwa kuzungushwa. Pakitokea sehemu ya ukingo isiyofikiwa na dawa, na pini ikagonga hapo hapo, hapatasikika mlio. Jambo hili hutokea hata kwa risasi za viwanda vyenye sifa, ingawa kwa nadra. Aidha, ukingo huo umejitokeza nje, na risasi zikipangwa vibaya ndani ya magazini ukingo wa ile ya juu huweza kukaa nyuma ya ukingo wa ile ya chini, zikafungana zisisogee. Mpigaji akaona bastola imekwama, kumbe kosa lilifanyika mezani wakati wa kujaza.

Ndiyo maana bastola mpya haifai kupelekwa mashindanoni siku ya pili baada ya kutoka katika sanduku lake. Yafaa kwanza ipigwe risasi mia chache mazoezini, kwa risasi za aina ile ile zitakazotumika siku yenyewe, na kila kukwama kuandikwe: tarehe, aina ya risasi, namba ya toleo lililochapwa kwenye kisanduku, na magazini iliyokuwamo. Magazini zitiwe namba. Kazi hiyo yaonekana ya kikarani, lakini baada ya majuma machache daftari husema lenyewe. Ikiwa mikwamo yote ni ya magazini namba 2, hapana haja ya kumsumbua fundi kwa bastola nzima. Midomo ya magazini hiyo imepinda, huenda kwa kuangushwa sakafuni. Ikiwa mikwamo ni ya toleo moja la risasi, litumike toleo jingine. Kwa hakika makosa mengi yanayosingiziwa bastola hutoka katika vitu hivi viwili.

Risasi za kasi kubwa zisitumiwe, hata kama zaingia. Bastola hizi zimepimwa kwa risasi ya kasi ya kawaida, iendayo kiasi cha mita 320 hadi 330 kwa sekunde. Kasi ikizidi, bolti hurudi kwa kishindo na kuligonga fremu, na vile vipande laini vilivyowekwa ndani kupunguza kishindo hicho husagika mapema. Vipande hivyo, pamoja na springi ya bolti, ni vitu vya kubadilishwa kwa muda uliotajwa katika kitabu cha kiwanda, si vya kungojwa mpaka vivunjike.

Kuhusu usafi, pana kasoro mbili zinazopingana: wapo wasiosafisha kabisa, na wapo wanaosafisha hadi kuharibu. Kichwa cha risasi hii ni cha madini ya risasi (lugha yetu imeviita vyote viwili kwa jina moja), nacho hupakwa nta au grisi. Nta hiyo huchanganyika na masizi ya baruti, ikaganda katika chumba cha risasi, kwenye mteremko ambao risasi hupandia, na chini ya ile kucha ya chuma inayovuta ganda. Hapo ndipo pa kushughulikiwa baada ya kila siku ya mazoezi, kwa brashi ndogo na kitambaa. Mtutu wenyewe hauhitaji kusuguliwa mara kwa mara. Vipande vya sufi vikipitishwa kutoka upande wa chumba kuelekea mdomoni hutosha. Fimbo ya chuma ikiingizwa kwa mdomo huweza kuukwangua ukingo wa mtutu, na mkwaruzo usioonekana kwa macho huweza kuipeleka risasi pembeni ya shabaha.

Mafuta nayo yawe kidogo. Tone moja katika kila njia ya bolti latosha. Yakizidi hukamata masizi na kuwa tope, na yakifika kwenye pini ya kugongea huipunguzia nguvu. Lakini katika visiwa na miji ya pwani, ambako hewa ina chumvi na unyevu mwaka mzima, ukavu nao ni adui. Mshindani wa huku afute vyuma vyote vya nje kwa kitambaa chenye mafuta mepesi kila baada ya kuvishika, kwa sababu jasho la mkono huanzisha kutu kwa muda mfupi. Sanduku lenye sponji ndani lisiwe makazi ya kudumu ya bastola. Sponji hunyonya unyevu na kuushikilia. Mpini wa mbao huvimba na kunywea kufuatana na majira, na skrubu zake zikaguliwe kila mwezi.

Jambo moja husahaulika sana, nalo ni uzito wa kifyatulio. Katika bastola hii kifyatulio hapana budi kihimili gramu 1,000 bila kuachia. Wapo wanaokiweka gramu 1,000 kamili ili kiwe chepesi iwezekanavyo. Springi ikilegea kidogo kwa matumizi, uzito hushuka chini ya kiwango, na ukaguzi wa ghafla baada ya kupiga ukiubaini, mhusika huondolewa mashindanoni, hata akiwa ndiye anayeongoza. Gramu 30 au 50 za ziada ni bei ndogo ya kulipia usingizi mzuri.

Mazoezi makavu, yaani ya kufyatua bila risasi, yasifanywe kwa chumba kitupu mpaka kitabu cha kiwanda kiwe kimesomwa. Pini ya bastola ya aina hii hugonga ukingoni; isipokuta ganda huweza kuugonga mdomo wa chumba na kuutia jino, na tangu hapo maganda hayatoki. Bastola nyingi za mashindano zimewekewa mpango maalumu wa mazoezi hayo.

Wenye bastola ya hewa ya mita 10 wana hesabu tofauti. Chombo hicho hutupa kidonge cha milimita 4.5 kwa hewa iliyoshindiliwa katika mtungi mdogo, aghalabu kwa kipimo cha bar 200. Mtungi huo umechapwa tarehe, na kanuni hazikubali uliopita miaka 10. Jukumu la kuitazama tarehe hiyo ni la mchezaji mwenyewe. Panapojazwa kutoka katika mitungi ya wapiga mbizi, hewa iwe kavu, kwani maji yakiingia hula mtungi kutoka ndani. Oksijeni isitumiwe kamwe. Ikikutana na grisi chini ya nguvu kubwa huweza kulipuka.

Mwisho ni usalama nyumbani na uwanjani. Kabla ya kusafisha, magazini itolewe kwanza, kisha bolti ivutwe na chumba kitazamwe kwa jicho. Kinyume cha utaratibu huo risasi hubaki ndani. Utepe wa usalama wenye rangi kali utiwe katika chumba wakati wote bastola isipotumika. Mikono ioshwe kwa sabuni kabla ya kula, kwa kuwa masizi hayo yana madini ya risasi yenye sumu, na vitambaa vilivyotumika visiachwe mahali wanapofikia watoto. Bastola na risasi zifungiwe mbalimbali. Matengenezo ya kifyatulio na pini yapelekwe kwa fundi wa silaha mwenye kibali, pamoja na lile daftari.