Mahame Yana Wenyewe

Msimu wa kuchimba mahame ya Unguja hupangwa na mambo mawili, na mwanakijiji haulizwi kuhusu lolote kati ya hayo. La kwanza ni hali ya hewa: masika yakishapita na kipupwe kikaingia, udongo hukauka ukachekecheka vizuri na kuta za shimo haziporomoki hovyo. La pili ni kalenda ya vyuo vikuu vya Ulaya na Marekani, ambavyo hufungwa miezi hiyohiyo, Juni hadi Agosti. Ndiyo maana mwanaakiolojia na mtalii huweza kushuka kwenye ndege moja. Mtalii hukimbilia Kendwa, ambako maji hayakimbii mbali wakati wa kupwa, akalipia hoteli, kukandwa na mazoezi ya kutuliza akili ufukweni. Mwanaakiolojia huenda kwenye mahame, na yako karibu: kilomita chache kusini mwa Kendwa, ukishika njia ya Mkokotoni, iko Fukuchani, mahali palipokaliwa na watu tangu karne ya 6. Katikati ya wageni hawa wawili yupo mwenyeji. Kwa mmoja anabeba mizigo, kwa mwingine anabeba ndoo za udongo. Hoja ya sura hii ni kwamba kipupwe hichohicho kingeweza kuwa msimu wa akiolojia ya wananchi, yaani shughuli za mahame ambazo wenyeji wanashiriki, katika Mkoa wa Kaskazini Unguja, na kwamba shughuli hizo zingewapa watu afya ya moyo. Lakini zitawapa kwa sharti moja: mwenyeji awe na kauli juu ya kinachochimbwa na juu ya kinachosemwa kuhusu alichokiona.

Ushahidi ulioandikwa zaidi kuhusu jambo hili unatoka Uingereza. Kila Julai, Baraza la Akiolojia la nchi hiyo huratibu tamasha lenye mamia ya shughuli, kuanzia matembezi ya magofuni hadi watoto kuosha vigae. Mwanzoni mwa miaka ya 2010, jeshi la huko lilianzisha mpango ulioitwa Operation Nightingale, ambapo wanajeshi waliojeruhiwa Afghanistan walipelekwa kuchimba mahame katika uwanda wa Salisbury. Utafiti wa awali juu yao ulionyesha kwamba huzuni, wasiwasi na hali ya kujiona wametengwa vilipungua. Tusiufanye kuwa mkubwa kuliko ulivyo: kundi lilikuwa dogo, na matokeo yalitokana na yale waliyojieleza wenyewe. Mpango mwingine, Human Henge, uliwakusanya watu wanaougua maradhi ya akili kwenye mawe makongwe ya Stonehenge, na hawa hawakuchimba chochote. Walitembea, wakasikiliza, wakaimba. Nao walisema wamepata nafuu. Mipango hii miwili ikiwekwa pamoja inatufunza jambo ambalo washabiki wa akiolojia hawapendi kulikubali: dawa haimo ndani ya shimo. Kama nafuu inapatikana kwa kuchimba na bila ya kuchimba, basi chanzo chake kitafutwe kwingine, na mahali pa kukitafutia ni katika kile ambacho watu wale walikuwa wamepungukiwa.

Mwanajeshi aliyetoka vitani alipungukiwa na wenzake na kazi yenye maana. Mgonjwa wa Uingereza, mara nyingi, amefungiwa na upweke wa nyumba yake. Mkaazi wa Kendwa au Kidoti hana uhaba wa jua wala upepo wa bahari, na upweke wa aina ile haujafika kwake kwa kiasi kile. Msiba mmoja tu unatosha kujaza ua kwa siku tatu. Tena kisiwa hiki kina tiba zake za msimu huuhuu. Huko Makunduchi, kila Julai, Mwaka Kogwa huanza kwa watu kutandikana kwa mikungu na magomba ya migomba, makusudi ili kinyongo cha mwaka mzima kiishie uwanjani. Kibanda cha makuti huchomwa moto, wanawake huimba, na nyumba isiyo na mgeni siku hiyo huonekana ina kasoro. Anayeleta kwa watu hawa mpango wa ustawi ulioandikwa London, wenye lengo la kuwatoa watu nje na kuwakutanisha, atakuwa amepeleka maji baharini. Kilichopungua kaskazini ni kingine. Katika miaka thelathini hivi iliyopita, ufukwe umegawanywa kwa hoteli kipande kwa kipande, na mtu aliyekuwa akipita popote anajikuta anaulizwa anakwenda wapi. Kutokuwa na kauli juu ya mahali ulipozaliwa ni jambo linalokula moyo taratibu, na hapo ndipo mahame yanapokuwa na la kutoa.

Tuiangalie Fukuchani kwa karibu. Pale juu ya ardhi pamesimama jengo la mawe ya matumbawe na chokaa, lenye ukuta wa boma uliotobolewa matundu madogo ya kulengea bunduki. Kwa miaka mingi limeitwa nyumba ya Wareno, na la Mvuleni, jirani yake, vivyo hivyo. Jina hilo limeingia katika vitabu vya watalii na katika midomo ya madereva wanaopita hapo na wageni. Wanaakiolojia waliolichunguza wanaliona kuwa nyumba ya Waswahili ya karne ya 16: ujenzi wake ni wa pwani hii, na Wareno kuwapo baharini zama hizo hakukuwafanya kuwa wajenzi wa kila ukuta. Chini ya ardhi kuna habari kongwe zaidi. Mwanaakiolojia Mark Horton, na baadaye timu ya Nicole Boivin, walikuta kijiji cha wavuvi na wakulima cha karne za 6 hadi 8, chenye vyungu vilivyochorwa pembetatu kwa ncha kali kabla ya kuchomwa, na bidhaa zilizovuka bahari. Katika mahame ya zama hizo, Unguja na hasa Tumbe kule Pemba, hupatikana kitu kidogo ambacho hakuna duka la kumbukumbu linalokiuza: kigae cha chungu kilichovunjika, kina mifereji myembamba iliyonyooka kama iliyopigwa rula. Ni mahali ambapo shanga za kombe zilisuguliwa hadi zikawa mviringo. Ukikishika, ncha ya kidole inaingia katika mfereji, na unaelewa kwa ngozi kwamba aliyekishika kabla yako alikuwa kazini, nyumbani kwake, akitumia tena chungu kilichokwisha kuvunjika. Mtoto wa skuli aliyeambiwa maisha yake yote kwamba magofu ya kijijini kwao ni ya Wareno, halafu akashikishwa kigae kile na kuelezwa, anapata kitu ambacho mazoezi ya kupumua ufukweni hayampi.

Hayo yanaweza kuonekana ni maneno matamu tu, kwa hiyo tuyapime kwa tukio la pwani yetu. Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yaliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 1981, na mwaka 2004 yakawekwa katika orodha ya urithi ulio hatarini. Bahari ilikuwa inakula ufuo, miti ilikuwa inapasua kuta. Yalitolewa katika orodha hiyo mwaka 2014. Fedha na wataalamu walitoka nje na ndani, lakini kazi ilishikwa na wanavijiji: kamati za magofu zilisimamia, mafundi wa hukohuko walirudia ujuzi wa kujenga kwa chokaa, mikoko ilipandwa kuzuia mawimbi. Sidai kwamba kuna aliyewapima shinikizo la damu kabla na baada. Ninachodai ni kwamba magofu yaliyolindwa na wenyewe yalipona.

Pingamizi la kwanza ni la tumbo. Kijana wa Kendwa hana ajira ya kudumu, mama anayelima mwani anauza kwa bei asiyoipanga yeye, nanyi mnawaletea vigae? Pingamizi hili lina haki yake, na mpango wowote unaotegemea wanakijiji kufanya kazi bure wakati mtaalamu analipwa unastahili kukataliwa siku ya kwanza. Anayechekecha alipwe. Lakini anayesema heshima isubiri mpaka njaa iishe hajautazama mji wetu vizuri. Beit al-Ajaib, jumba la Mji Mkongwe lililojengwa mwaka 1883, lilipoporomoka sehemu yake tarehe 25 Desemba 2020, na kuua watu wawili waliokuwa kazini, Zanzibar nzima ilishtuka, pamoja na wale ambao hawakuwahi kupata senti moja kutoka katika jengo lile. Watu masikini nao wana mahitaji yasiyo ya chakula. Kuyapuuza hakujazi sufuria.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, nalo linatoka kwa wazee na masheikh. Mahame mengi yana makaburi, mengine ni mizimu ambako watu huweka nadhiri, na mengine bado ni nyumba za ibada. Msikiti wa Kizimkazi Dimbani una maandishi ya Kikufi ya mwaka 500 wa Hijria, yaani 1107, na hadi leo watu wanasali ndani yake. Pango la Kuumbi huko Jambiani, lililohifadhi mabaki ya watu na wanyama wa zama ambazo Unguja ilikuwa bado imeungana na bara, watu huliendea kwa haja zao. Ukiyageuza maeneo haya kuwa uwanja wa tamasha, unawaponya wageni kwa kuwaumiza wenyeji. Jibu langu ni kwamba pingamizi hili halivunji hoja, linaikamilisha. Kauli ya mwenyeji haina maana kama haiwezi kuwa hapana. Mahali ambapo wazee wamesema pasichimbwe, pasichimbwe, na shughuli za wananchi zifanywe kwa matembezi na mazungumzo, kama walivyofanya wale wa Stonehenge. Hakuna elimu itakayopotea kwa kaburi moja kuachwa lilale.

Lipo la tatu, ambalo waandishi wa mipango huliruka kwa sababu linawatia hofu. Hapa Zanzibar, asili ya mtu si jambo la mchezo. Watumbatu wengi hujitambulisha kuwa Washirazi, yaani watu wenye asili ya Uajemi, Wahadimu vilevile, na maneno haya yamewahi kubebwa na siasa hadi Mapinduzi ya 1964 na baada yake. Je, kama ardhi itasema tofauti na nasaba ya mtu? Mwaka 2023 jarida la Nature lilichapisha uchunguzi wa vinasaba vya watu 80 wa kale wa pwani ya Kenya na Tanzania na bara jirani. Ulionyesha kwamba wakazi wengi wa miji ile walikuwa na mama wa Kiafrika na mababa ambao wengi wao walikuwa na asili ya Uajemi, na kwamba mchanganyiko ulianza kufikia mwaka 1000 hivi. Aliyetaka kusikia Ushirazi alisikia Ushirazi. Aliyetaka kusikia Uafrika alisikia Uafrika. Kwa hiyo nakiri kwamba akiolojia inaweza kuumiza kama inavyoweza kutuliza, hasa inapogeuzwa ofisi ya kutoa vyeti vya asili. Kinga yake ni kuanza na kazi za watu kabla ya damu zao. Kigae cha shanga hakiulizi baba wa msuguaji. Sandarusi iliyofukizwa kwenye hame la Unguja Ukuu katika karne ya 7 au 8, ambayo wanakemia waliitambua kutokana na mabaki yake, ilitoka katika miti ya pwani hii, na harufu yake aliisikia kila aliyekuwamo nyumbani, mwenyeji na mgeni.

Wapo pia wanaohofia wezi wa mali: ukitangaza mahame, utaita wachimbaji wa usiku. Naamini kinyume chake ndicho sahihi. Wageni wanaochimba kimya nyuma ya utepe ndio wanaozaa uvumi wa dhahabu iliyofukiwa. Shimo lililo wazi, ambalo kila mtu ameona kwamba limetoa mifupa ya changu na vigae, halina cha kuibwa. Na kuhusu kupima ustawi wenyewe, Waingereza wana hojaji mashuhuri ya Warwick na Edinburgh yenye kauli 14. Itafsiriwe, itumike, lakini isiachiwe peke yake. Nani alirudi siku ya pili bila kuitwa, nani alimleta bibi yake aeleze kazi ya chungu fulani, nani alisimama akampinga mtaalamu mbele ya watu: hivyo navyo ni vipimo.

Elimu yenyewe ipo, na sehemu yake imetokana na Wazanzibari. Abdurahman Juma alichapisha kitabu kizima juu ya Unguja Ukuu mwaka 2004. Kilitoka Uppsala, Sweden, kwa Kiingereza. Uchimbaji wa Ngome Kongwe wa mwaka 2017 ulionyesha kwamba Mji Mkongwe ulikuwa na watu tangu karne ya 11, muda mrefu kabla ya Wareno kujenga kanisa lao hapo, na habari hiyo nayo ilisomwa zaidi nje kuliko sokoni Darajani. Gharama ya kurekebisha hali hii ni ndogo. Serikali ya Zanzibar ndiyo inayotoa vibali vya kuchimba, na kibali kinaweza kuwa na masharti. Liwepo sharti kwamba kila timu ifungue shimo lake kwa wananchi angalau siku moja kwa wiki, mfasiri wa siku hiyo awe kijana wa shehia aliyefunzwa na kulipwa, na ripoti fupi kwa Kiswahili ikabidhiwe kwa sheha na kwa walimu wa skuli kabla ya timu kufunga mizigo. Hoteli za Kendwa na Nungwi, zinazonufaika na ufukwe, zichangie ujira wa vijana hao bila kudai kwamba hafla ziwe za wageni wao. Timu isiyoweza kutimiza masharti hayo ichimbe kwao.