Tarehe Ndiyo Shahidi: Kuipambanua Huzuni ya Kabla ya Hedhi

Mvuvi wa ndagala wa Rumonge haijui tabia ya ziwa kwa usiku mmoja. Huhesabu siku: mwezi ukiwa mpevu taa zake hazivuti samaki, na giza likirudi kazi huanza upya. Hesabu ya namna hiyo yawafaa pia askari na polisi wetu, mtu aonapo mkewe, au mwenzake wa kike kikosini, amezidiwa na hasira, machozi au kukata tamaa.

Wengi husema upesi, "Ni mambo ya mwezi," wakanyamaza. Kauli hiyo yaweza kuwa kweli. Yaweza pia kuficha maradhi mengine.

Mwaka 1931 daktari Robert Frank wa New York aliandika juu ya dhiki hii ya kabla ya hedhi. Wanawake wengi huona mabadiliko madogo. Wachache, kwa makadirio chini ya 10 katika kila 100, huugua hasa. Si ukorofi wala uvivu: ubongo wao huathirika mno na mabadiliko ya kawaida ya homoni.

Shahidi ni tarehe. Dhiki hii huanza juma moja au mawili kabla ya damu, hupungua siku chache baada ya damu kuanza, na juma linalofuata huwa la amani. Sonona haifuati kalenda hiyo. Hudumu karibu kila siku kwa majuma mawili au zaidi. Wengine hupatwa na vipindi vya uchangamfu uliopita kiasi, wakilala kidogo bila kuchoka. Wako pia wenye sonona inayozidi tu hedhi ikaribiapo. Hao hawapati juma la amani.

Kwa hiyo mwanamke mwenyewe aandike hali yake kila jioni kwa miezi miwili. Daftari ni lake; mume asilifanyie upekuzi. Kisha alipeleke kwa daktari, ambaye akiona haja atampeleka kituo cha maradhi ya akili cha Kamenge, Bujumbura. Kupambanua ni muhimu, kwani dawa za sonona huwafaa wengi wenye dhiki ya hedhi, lakini zikitolewa peke yake zaweza kumchochea mwenye vipindi vya uchangamfu.

Akitaja kujiua, tusingoje daftari. Apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, na bunduki ibaki ghalani, si nyumbani.