Usahihi na Uthabiti wa Vipimo: Mfano wa Kipimaumbali cha Nyambizi

Mfasiri wa maandishi ya ufundi hukutana na dhana mbili ambazo kwa Kiswahili aghalabu hupewa neno moja tu, usahihi. Ya kwanza ni ukaribu wa kipimo na ukweli. Ya pili ni kukubaliana kwa vipimo vyenyewe vinaporudiwa. Katika makala haya tutazitenga dhana hizo kwa mfano wa mchezo wa kompyuta uitwao Silent Hunter 4, uliotolewa mwaka 2007, ambao humweka mchezaji katika nyambizi ya Marekani kwenye Bahari ya Pasifiki wakati wa Vita Kuu ya Pili.

Kabla ya kufyatua topido, nahodha hana budi kujua umbali wa meli anayoiwinda. Hutazama kwa periskopu, darubini inayochomoza juu ya maji, akitumia stadimita, chombo kilichobuniwa na Bradley Fiske wa Jeshi la Majini la Marekani mwishoni mwa karne ya 19. Katika periskopu, chombo hiki huigawa taswira ya meli ikawa mbili. Mpimaji huisogeza moja mpaka ncha ya mlingoti wake iguse usawa wa maji wa nyingine. Pembe ipatikanayo, pamoja na kimo cha mlingoti kilichoandikwa katika kitabu cha kutambulisha meli, hutoa umbali. Chombo cha namna hii twakiita kipimaumbali, wala si kipimamasafa, kwa kuwa masafa yamekwisha kuzoeleka katika mambo ya redio.

Tuchukue mlingoti wa mita 30 ulio umbali wa mita 2,000. Pembe yake ni dakika 52 hivi, pungufu kidogo ya nyuzi moja. Ikiwa kitabu kimeandika mita 33, mpimaji atapata mita 2,200 hata awe na jicho kali namna gani. Akirudia mara kumi, atapata 2,200 mara kumi. Vipimo vyake vyakubaliana, lakini vyote vimepotoka.

Sasa tuseme kitabu hakina kosa, ila jicho hukosea dakika moja, mara juu, mara chini. Kwa mita 2,000 kosa hilo ni mita 40 hivi. Kwa mita 4,000 hufikia mita 155 hivi, kwani umbali ukiongezeka mara mbili, kosa la jicho huwa kubwa mara nne. Hapa vipimo vyatawanyika, bali wastani wake wakaribia ukweli.

Vitani ilikuwa vigumu kuyatenga makosa haya mawili, maana umbali wa kweli haukujulikana. Katika mchezo, mkaguzi aweza kuiweka meli mahali anapopajua, akapima mara nyingi, kisha akalinganisha. Tofauti kati ya wastani na umbali wa kweli yaonyesha kosa la kitabu au la chombo. Mtawanyiko waonyesha kosa la jicho. Dawa zake pia ni mbali: la kwanza hurekebishwa kitabuni, la pili hupunguzwa kwa mazoezi au kwa kusogea karibu.

Kwa hiyo twapendekeza usahihi ubaki kuwa ukaribu wa kipimo na ukweli, na uthabiti uwe kukubaliana kwa vipimo vinavyorudiwa. Neno ulinganifu halifai kwa dhana hii ya pili, kwani hata kipimo kimoja chaweza kulinganishwa na kingine cha namna tofauti.

Jambo hili si la michezo peke yake. Mizani ya dukani izidishayo gramu 50 kila mara ni thabiti, lakini si sahihi. Mtumishi akiandika katika taarifa yake kwamba mizani hiyo ni sahihi kwa sababu tu haibadiliki, mnunuzi ataendelea kupunjwa, na taarifa yenyewe itakuwa ngao ya mwenye duka. Mwalimu naye, akizitenga dhana hizi mbili tangu darasani, atakuwa amewasaidia wote hao.