Kisangani: Kwa nini kamera ya mbali huona mchana na kuzimika usiku

Katika komini ya Kabondo, mjini Kisangani, kufunga kamera ya ulinzi kwenye depo, shule au parokia si kazi ngumu iwapo parseli ni ndogo. Shida huanza pale mlango mkubwa unapokuwa mita 150 au 300 kutoka ofisi yenye mashine ya kurekodia. Fundi huvuta waya, picha hutokea kwenye skrini, analipwa, anaenda zake. Giza likiingia, picha inakatika. Na wezi hawaji saa sita mchana.

Waya wa kawaida wa kamera, ule mweusi wa duara unaoitwa RG59, hubeba picha vizuri kwa mita 200 na kidogo, kisha rangi zinafifia. Ndiyo maana mafundi hutumia kifaa kidogo kiitwacho baluni. Kimoja hufungwa kwenye kamera, kingine kwenye mashine ya kurekodia, na kati yao hupita waya wa kompyuta, ule wenye jozi nne za nyuzi zilizosokotwa. Baluni hugawa mawimbi ya picha katika nyuzi mbili, moja ikiwa kinyume cha nyingine. Makelele ya jenereta au ya nyaya za SNEL yakiingia njiani, huingia sawasawa katika zote mbili. Mwisho wa safari baluni huchukua tofauti yao tu, na makelele yanafutika.

Baluni isiyotumia umeme hufikisha picha ya kamera za zamani kwenye mita 300 hivi, na ile ya HD ya 1080 kadiri ya mita 200. Ile inayotumia umeme huvuka kilomita moja kwa kamera za zamani, lakini SNEL ikikata nayo inanyamaza, isipokuwa iwe na betri.

Hata hivyo, kinachokosekana usiku mara nyingi si picha, ni umeme. Mafundi wengi hupitisha volti 12 za kamera katika jozi moja ya waya uleule. Jozi hiyo, kwa mita 100 kwenda na kurudi, ina ukinzani wa omu 17 hivi. Mchana kamera hula umeme kidogo na inavumilia. Usiku taa zake za infraredi zinawaka, inataka kama ampea 0.4, na karibu volti 7 zinapotelea njiani. Zinazofika ni 5. Kamera inazimika, inajaribu kuwaka, inazimika tena. Kununua baluni ya bei kali hakutabadilisha kitu hapo.

Waya wenyewe huongeza ubaya. Sokoni kuna waya wa alumini uliopakwa shaba juu tu, na ukinzani wake unapita ule wa shaba tupu kwa zaidi ya nusu. Inashangaza kidogo kuuziwa alumini kwa jina la shaba nchini Kongo, lakini ndivyo ilivyo. Kukwangua uzi kwa kisu kunatosha: ukiwa mweupe ndani, si shaba.

Dawa ni kuweka adapta na betri karibu na kamera, au kupitisha umeme katika jozi tatu zilizounganishwa pamoja na kubakiza moja kwa picha. Fundi apime volti kwenye kamera yenyewe, taa za infraredi zikiwa zimewaka, kabla ya kulipwa.

Kamera za intaneti zina sheria nyingine: waya wao hauvuki mita 100. Zaidi ya hapo hutumika vibadilishi vya nyuzi za mwanga, viwili viwili, vinavyofika kilomita kadhaa. Ni ghali zaidi, lakini Kisangani iko karibu na ikweta na radi hazikosekani. Radi ikipiga mlangoni, uzi wa kioo hauileti ofisini. Waya wa shaba unaweza kuileta mpaka kwenye mashine ya kurekodia.